Wakuu, niende Dar au nimvumilie bosi? Niko Tanga, naandika femuwea

Fundi Chipu: Habari za muda huu wakuu. Niko Tanga mjini, naandika femuwea (programu ya ndani ya kifaa) za viboksi vya ESP32 (chipu ndogo ya kompyuta) vinavyopima ubaridi kwenye mafriza ya wauza samaki. Joto likipanda, mwenye mali anapata meseji. Mshahara nausikia kwa jina tu tangu Ramadhani. Dar kuna watu wananiita. Niende au nivumilie? Silali.

Mwana Sahare: Tanga ni waja leo, kuondoka majaaliwa. Hutoki.

Bi Chumbageni: Binamu yangu alikwenda Dar na digrii yake, saa hizi anauza kava za simu Kariakoo. Kajenga lakini, nisiseme uongo.

Solda: Mnatumia modemu gani ya kutumia meseji? Mimi SIM800L ilinitoa jasho. Ikitaka kutuma inavuta mpaka ampea 2 kwa mpigo, umeme unadondoka, boksi linazima na kuwaka. Wenzangu wakashinda wanatukana mtandao. Nikapachika kapasita kubwa (inatunza umeme wa akiba) karibu na modemu, kimya.

Mzee wa Pongwe: Kijana, kuna kitu hujakisema. Mtu hakosi usingizi kwa habari ya nauli ya basi.

Fundi Chipu: Sawa mzee. Nimeweka kufuli. Ikifika tarehe 30 sijaingiza namba yangu ya siri, viboksi vinagoma. Nusu ya mafriza yameshapokea sasisho kwa mtandao, usiku. Ila sijaiba kitu. Femuwea nimeandika mimi, hajanilipa, basi bado ni yangu.

Solda: Vinagoma vipi? Si rilei (swichi) ya kompresa imo humo humo?

Fundi Chipu: Pini inashuka, kompresa inazima. Lakini bosi atakuwa ameshanitafuta kabla ya hapo.

Solda: Na mtu akihangaika kuzima na kuwasha bila kuipumzisha dakika chache, anaiua kompresa. Umeliwaza hilo?

Mzee wa Pongwe: Unayemdai ni bosi, samaki ni wa mama wa watu! Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na haitakuuliza kama ulilipwa. Nenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), na usichelewe, madai ya mshahara yana siku 60 za kufungua.

Fundi Chipu: CMA nitaenda, ila kufuli linabaki. Huyu mtu haelewi lugha nyingine.

Mwana Sahare: Vibua vitanuka mpaka Raskazone 😂😂

Jicho Kavu: Chai hii, tena ya maziwa. ESP32 umeme ukikatika saa inarudi 1970. Hiyo tarehe 30 itaijulia wapi? Halafu mwaka jana huyu huyu aliomba ushauri wa kufuga kuku humu.

Fundi Chipu: Kuna chipu ya saa, DS3231, pembeni yenye betri yake ya CR2032, saa haipotei. Na kuku ninao mpaka leo.

Bi Chumbageni: Wa kienyeji? Unauzaje?

Dagaa Mchele: Samahani naingilia. Nina friza pale Deep Sea, boksi jeupe, antena fupi. Juzi usiku lilizima likawaka lenyewe. Limo kwenye hiyo nusu?

Fundi Chipu: Njoo inboksi dada.

Dagaa Mchele: Inboksi ya nini? Jibu hapa hapa. Nina pweza wa watu mle, na leo tarehe 28.