Kutoka elektroni hadi maada laini: nimekosea wapi?

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Nilihitimu shahada ya uzamivu mwaka jana. Kazi yangu ilikuwa kukokotoa hali ya elektroni ndani ya fuwele kwa nadharia ya densiti (inayofuatilia msongamano wa elektroni badala ya kila elektroni peke yake), kazi inayotufaa wengi wetu upande huu kwa kuwa haidai maabara. Sasa ningependa utafiti wangu wa baada ya uzamivu uwe katika nadharia ya maada laini, yaani polima, koloidi (chembe ndogo sana zinazoelea ndani ya kimiminika), fuwele za kimiminika na chembe zinazojiendesha zenyewe. Nimewaandikia maprofesa kumi na wanne nikiwaeleza jinsi ninavyoipenda taaluma hii. Wawili walijibu, na wote wawili walinitakia heri tu. Pendekezo langu ni kutumia modeli ya Vicsek ya mwaka 1995, ya makundi yanayosonga pamoja, kueleza mawingu ya visubi wa ziwani, ambayo ukiwa ufukweni Dunga, hapa Kisumu, unaweza kuyadhania moshi. Je, ni kubadilisha uwanja kunakoniponza, au ni barua yenyewe?

Mwalimu wa Njoro

Daktari, pole. Kwa maoni yangu hujahama mbali kama unavyodhani. Tofauti kubwa ni kipimo cha nishati: vifungo vya fuwele zako ni vya kiasi cha elektronivolti 1, ilhali nishati ya joto la kawaida la chumba ni takriban sehemu moja ya arubaini ya hiyo, na ndiyo sababu uliweza kukokotoa kana kwamba halijoto ni sifuri kamili na jibu bado likafaa. Katika maada laini, miundo hushikiliwa na nishati zinazokaribiana na ile ya joto, kwa hiyo entropia, yaani kipimo cha wingi wa mipangilio inayowezekana, ambayo pengine uliipitia juujuu katika tasnifu, huku ndiyo mwenye nyumba. Mwaka 1949 Lars Onsager alionyesha kwamba vijiti virefu vyembamba, hata visipovutana kabisa, hujipanga kuelekea upande mmoja vikisongamana vya kutosha, kwa sababu kile ambacho kila kijiti hupoteza katika uhuru wa kugeuka hufidiwa na nafasi zaidi ya kusogea.

Kuna daraja kati ya fani hizi mbili ambalo nadhani hukulitaja. Mwaka 1965 Mermin aliipanua nadharia ya Hohenberg na Kohn, iliyo msingi wa nadharia yako ya densiti na iliyotoka mwaka mmoja kabla, hadi kwenye halijoto zilizo juu ya sifuri. Hatimaye ikapatikana nadharia ya densiti ya vimiminika, ambamo densiti si ya elektroni tena bali ya chembe zenyewe, na wanaoshughulikia koloidi huitumia hadi leo. Wewe tayari unaijua hesabu yake. Kwa nini uwaandikie watu kama mgeni anayebisha hodi nyumba asiyoijua?

Binti wa Kakamega

Ninakubaliana na Mwalimu, ila suala la visubi linahitaji kusemwa wazi. Katika modeli ya Vicsek kila chembe hugeukia wastani wa uelekeo wa majirani zake, pamoja na kelele kidogo, yaani makosa ya kubahatisha katika kugeuka. Kelele ikipungua, au chembe zikiongezeka, kundi zima hushika njia moja. Nenda Ziwa Nakuru uwatazame heroe wanaporuka: wana uelekeo. Kundi la visubi halina; kila mmoja huzunguka zunguka papo hapo, na wingu likisogea mara nyingi ni upepo unaolisukuma. Profesa wa fani hii ataliona kosa hilo kabla hajamaliza chai yake.

Nami nilipokuwa nikitafuta nafasi Ujerumani niliandika barua nyingi za kupenda taaluma, zikapotelea hewani. Iliyojibiwa ilikuwa na aya tatu na mchoro mmoja: nilichukua mlinganyo kutoka makala ya mwenyeji, yaani profesa niliyetaka anipokee, nikauendesha kwa chembe 1,000 kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikaonyesha pale ambapo matokeo yangu hayakulingana na yake. (Umeme ulikatika mara mbili katikati ya hesabu, tangu siku hiyo programu yangu huhifadhi hali ya chembe kila baada ya hatua chache.) Kosa lilikuwa langu, lakini tulilijadili kwa barua pepe wiki mbili, na mazungumzo hayo ndiyo yaliyonipa nafasi.

Msafiri wa Eldoret

Kuhusu fedha, nitasema kwa ufupi. Wakfu wa Alexander von Humboldt humfadhili mtafiti aliyekwisha kupata mwenyeji Ujerumani, kwa hiyo mwenyeji hutangulia ombi. Kituo cha fizikia ya nadharia cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kina taasisi mshirika Kigali, na Kigali si mbali na kwetu.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Asanteni sana. Visubi nimewaacha. Ninafikiria kuchukua vijiti vya Onsager, kuviweka katika mwanya mwembamba kati ya kuta mbili, na kukokotoa kwa nadharia ya densiti msongamano ambao vinaanza kujipanga. Je, hilo limekwisha kufanywa?

Mwalimu wa Njoro

Limefanywa, na vizuri. Lirudie mwenyewe hadi upate majibu yaleyale, kisha ukuta mmoja uupinde. Ukifika hapo nitumie mchoro kabla hujamwandikia mtu yeyote.