Tupeane uzoefu: Matabibu wa OPD (wagonjwa wa nje), somo gani la kazini limebaki mkononi mwako?

Wakuu, mbukwenyi. Mimi ni tabibu, mwaka wa tisa sasa, zahanati moja huku Chamwino. Jana nilikuwa nakusanya pointi za CPD (mafunzo endelevu kazini) ili nihuishe leseni, nikapanga vyeti vya semina mezani: kumi na kimoja. Nikajiuliza ni kipi kimebadilisha kazi yangu. Jibu halikuwemo kwenye vyeti kabisa.

Nilikuwa napima presha kama fundi cherehani siku ya mkesha wa Idi. Bibi anaingia, katembea juani, hajakaa vizuri nimeshamfunga mkanda juu ya nguo huku namuuliza anaumwa nini. 168/96, naandika dawa. Mganga mfawidhi wangu, mama anayekaribia kustaafu, akaniambia, "Mwanangu, leo turudie wote." Kila ambaye presha ilisoma juu alikaa dakika tano, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkono wazi usawa wa moyo, hakuna kuongea. Yule bibi akasoma 138/84. Siku ile walikuwa saba, watatu wakarudi chini ya 140/90, mpaka wa presha ya juu. Sikulala vizuri. Ni wangapi niliwaanzishia dawa za maisha kwa sababu ya jua na haraka zangu?

Sasa kuna benchi nje ya chumba, wagonjwa wanaliita benchi la kupumua. Leteni za kwenu.

Mdau wa Bahi
Kwangu ni kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, kutafuta nimonia. Chuoni tulikariri: miezi 2 hadi 11, pumzi 50 na zaidi kwa dakika ni haraka, mwaka mmoja hadi kabla ya mitano, 40. Mtihani tukafaulu. Ila ukiwa na foleni ya watoto hadi getini, unahesabu sekunde kumi unazidisha kwa sita, na ukikosea pumzi mbili tu umeongeza kumi na mbili! Msimamizi mmoja alikuja, hakufundisha chochote. Alisubiri mtoto wa mwaka na miezi minne aache kulia, akahesabu dakika nzima. Mimi nilipata 54, yeye 36. Akanirudishia karatasi yangu ya amoksisilini, antibiotiki niliyokuwa nimeandika, kimya kimya.

Msomaji wa Kongwa
Semina yangu ya kwanza nilijifunza kwamba jina langu linaweza kukosewa mara tatu kwenye cheti kimoja. Naendelea kusoma.

Daktari msaidizi, Dodoma mjini
Mimi niliponzwa na Malaria, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na Taifodi, wale ndugu watatu wa OPD. Kipimo cha haraka cha malaria kikitoka hasi, nakimbilia Widal, kipimo cha damu cha taifodi, nayo haikosi la kusema. Tulikuwa na kikao cha Alhamisi, kila wiki mmoja analeta kitu cha kusoma. Mwenzetu akaleta utafiti wa 2014 wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara: wengi ilikuwa virusi, taifodi wachache mno.

Kusoma ni rahisi, shughuli ni kumwambia mama aliyeuza kuku apate nauli. Nilijifunza maneno: "Mama, malaria nimeitafuta sijaiona. Homa hii mwili utaishinda. Ila akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea hazinduki, usingoje kuche." Wengine wananielewa. Wengine wanapitia duka la dawa njia panda, nawaona dirishani.

Mdau wa Kondoa
Langu halikutoka semina. 2016 wagonjwa walianza kuja macho ya njano, tumbo limejaa, wanatapika. Mimi nawaza homa ya ini, namwandika kila mmoja mstari wake kwenye kitabu cha MTUHA, rejista ya taarifa za wagonjwa. Muuguzi ndiye aliyeniuliza, "Dokta, umeona hawa wawili wanatoka nyumba moja?" Sikuwa nimeona. Baadaye ikajulikana ni sumukuvu, sumu ya ukungu, kwenye mahindi, Dodoma na Manyara. Tangu hapo swali langu la pili kwa kila mgonjwa ni: nani mwingine anaumwa nyumbani, na mnakula nini? Mwaka jana mama mmoja alifungua fundo la kanga akanimwagia punje za mahindi mezani, nyingine za kijani kabisa.

Mwenye uzi
Mkuu wa Kondoa, hilo swali kesho linabandikwa ukutani. Wa Bahi, saa yenye mshale wa sekunde umepata wapi? Yetu imesimama tangu Januari.