Kwa nini nodi chache huishiwa betri mapema?

Swali: Katika baadhi ya mitandao ya vihisi visivyotumia waya, kila nodi (kifaa kimoja cha mtandao) hupeleka pakiti ya data kwa nodi jirani iliyo karibu zaidi na kikomo cha safari, yaani mahali pakiti inakokwenda. Kwa nini basi baadhi huzimika mapema?

Jibu: Kanuni hiyo, iliyo msingi wa GPSR, itifaki ya kuelekeza pakiti ya mwaka 2000, hutazama mahali pekee, hivyo njia ileile hutumika mfululizo. Isitoshe, nishati ya kurusha mawimbi hukua kwa kipeo cha 2 hadi 4 cha umbali, na miruko mirefu, yaani hatua za pakiti kutoka nodi moja hadi nyingine, huigharimu betri sana.

Jibu: Ni kweli, ila miruko mifupi kupita kiasi nayo ni hasara, maana kupokea pia hutumia nishati. Ningependelea GEAR, itifaki nyingine ya kuelekeza pakiti, inayopima umbali pamoja na nishati ambayo kila jirani amekwisha kutumia.