Goma–Bukavu: wewe ulipita wapi? Tupeane uzoefu

Mtoto wa Virunga:
Wandugu, mgeni akishuka Goma na anataka kuiona Ziwa Kivu, huku mashariki ya Kongo, mpaka Bukavu, mnamwambia apite wapi? Nianze mimi: bato (meli) ya usiku. Inatoka jioni, asubuhi mnaamkia Bukavu, nyumba zimepanda vilima toka majini. Wengi wanakimbilia kulala na kukosa kilicho kizuri kuliko vyote, wavuvi wa sambaza, samaki wadogo kama dagaa. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanashusha wavu katikati, wanawasha taa ili samaki wapande juu. Kasia zinafuata wimbo, na wimbo utausikia kabla ya kuwaona wenyewe. (Sambaza si wenyeji wa ziwa letu, waliletwa toka Tanganyika miaka ya 1950. Leo nani angeamini?) Beba koti. Ziwa liko mita 1,460 juu ya bahari, usiku baridi inauma.

Mama Biashara wa Kadutu:
Yaya, bato ya usiku ni ya mwenye muda. Sisi tunapanda kano rapidi, boti ya mwendo kasi, masaa mawili matatu tumefika. Tafuta kiti cha nyuma. Kule mbele mgongo utakulaumu, zaidi kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini ukiamka.

Jile (jaketi la kuokolea maisha) uivae, usiikalie kama mto. Na hakikisha jina lako limeingia kwenye manifesti, orodha ya abiria. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, watu wa bandarini wanaona kwa macho yao. Ilikuwa imejazwa kupita kiasi. Tangu hapo nikiona maji yamekaribia ubao, ninashuka, tikiti wabaki nayo. Wananicheka. Wacheke.

Shofa wa Katana:
Mmeisahau barabara. Goma, Sake, Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana, Kavumu, Bukavu, kilomita 200 hivi. Ukipita Minova gari linapanda, ziwa linabaki chini kabisa, na ukikaribia Kalehe unakiona kisiwa cha Idjwi kimelala mbele yako. Kaa upande wa kushoto ukitoka Goma. Ila mvua ikinyesha udongo unakuwa sabuni, na lori moja likikwama kwenye kona nyembamba, wote mnageuka wakazi wa pale. Biskuti na maji viwe mkononi, si kwenye mizigo juu ya gari. Tena uliza waliofika jana, usiulize waliofika mwezi jana. Vita iliwahi kuifunga njia ya Sake na Minova, na habari za huku zinaoza upesi.

Dada wa Nguba:
Mwenye haraka anapita Rwanda: anavuka mpaka, anapanda basi Gisenyi, Karongi, mpaka Rusizi, kisha anavuka mto Ruzizi na yuko Bukavu. Lami mwanzo mwisho, kona hazihesabiki, mwenye kutapika asile kwanza. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Raha ipo, siwezi kukataa, lakini Kongo yenyewe utaitazama ng'ambo.

Kijana wa Idjwi:
Mnapita tu mbele ya kwetu! Shukeni. Moto (pikipiki) ndiyo gari letu, vumbi ni la bure, na nanasi la Idjwi ukilila hapo hapo gatini hutanunua tena la Birere, sokoni Goma.

Mtoto wa Virunga:
😂 Sawa kijana. Mgeni mmoja ameniuliza kuhusu kuogelea. Kivu haina mamba wala kiboko, aingie. Ila huku kwetu, Goma mpaka Sake, asilale kwenye mabonde madogo ya ufukweni, hasa asubuhi na mapema. Mazuku, hewa ya sumu inayotoka ardhini, haina harufu, inakaa chini chini, na mbuzi wengi wamefia humo.

Mama Biashara wa Kadutu:
Na watoto pia. Mwambie aogelee mahali wenyeji wanapofulia.

Shofa wa Katana:
Dada wa Nguba, toka bandarini mpaka kwenu moto inaomba ngapi siku hizi? Nina wageni wiki ijayo, sitaki wabambikwe bei.