Tupeane uzoefu: nge wadogo wa Botswana na Namibia

Wakuu, mliowahi kuishi au kupita huko, hebu tusimuliane. Nawazungumzia wale wadogo, rangi ya kahawia-manjano, magando membamba. Wataalamu wanawaita Uroplectes.

Naanza mimi. Nilikuwa Ghanzi, nimeacha taulo limening'inia kwenye msumari ukutani usiku kucha. Asubuhi najifuta uso, nikasikia kama kaa la moto shavuni. Kadudu kenyewe hakafiki sentimita 5! Shavu likafa ganzi mpaka alasiri, jioni nikala nyama kama kawaida. Wenyeji walicheka sana.

Dereva wa masafa: Mimi ni kuni. Tumepaki nje ya Windhoek, nikachukua gogo la kuchomea nyama, kumbe mwenye nyumba yumo chini ya gamba. Kidole gumba! Niliweka barafu nikasubiri. Kuna mwenzangu alitaka kunichanja kwa wembe, nikamfukuza.

Mpishi wa kambi: Maun, kijana mmoja alikuwa na tochi ya kukagulia noti bandia. Usiku usio na mwezi tukamulika mti wa mopane. Aisee, nge wanawaka kijani! Tulihesabu saba kwenye shina moja, mmoja kabeba watoto mgongoni, wamelundikana kama punje za mchele. Mimi nilimkita mmoja kwa ndala kwa nguvu zote, kumbe ni gamba tupu alilojivua. Hata hilo linawaka. Jina la utani nililopewa silisemi hapa.

Mgeni: Si wanasema kadogo ndiko kenye sumu kali?

Mwenye uzi: Hapana mkuu, usipime kwa udogo. Wa kuogopa kweli kusini huko ni nge wa jamii ya Parabuthus, hasa aina ya granulatus: mkubwa, mkia mnene, magando membamba. Tatizo ni kwamba hawa wadogo nao magando yao ni membamba, na gizani ukiwa na maumivu nani atapima mkia? Mtu mzima akidungwa na huyu mdogo kwa kawaida ataumia tu. Ila mtoto akidungwa na nge yeyote, hospitali moja kwa moja, msibishane.

Mdau wa Dar: Mimi sikuwahi kudungwa. Nimerudi mwaka wa sita sasa, nakaa ghorofa ya nne, na bado nakung'uta viatu kila asubuhi. Mke wangu ameshazoea, wageni ndio huuliza.