Nani amebadilisha cheni ya taimingi nyumbani? Tupeane uzoefu

Lanet, Nakuru
Hamjambo wenzangu. Jumamosi nimemaliza kubadilisha cheni ya taimingi ya Toyota Probox yangu, injini ya 1NZ, hapa uani kwangu. Ndiyo ile cheni inayounganisha krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, na kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Naanza mimi, na waliopitia haya huku kwetu na magharibi waendelee, hasa yale yaliyowakwamisha.

Asubuhi za Nakuru mnazijua kwa baridi. Nikiwasha tu, injini inalia kama mtu anayetikisa misumari mkebeni, sekunde tatu nne, kisha kimya. Nikapuuza. Kumbe tenshena, kile kifaa cha kukaza cheni, inasukumwa na presha ya oili: gari likilala presha inaisha, na cheni iliyorefuka inabaki imelegea mpaka presha ipande tena. Kelele ilipofika sekunde kumi taa ya injini ikawaka, mashine ya kusoma hitilafu ikatoa namba P0016, yaani mizunguko ya kamshafti na krankshafti imepishana.

Kazi ilichukua siku mbili. Bolti ya pulei, lile gurudumu la mkanda kwenye ncha ya krankshafti, ndiyo iliyonitoa jasho. Gari ni la gia za mkono, kwa hiyo kijana wangu alikanyaga breki gia ikiwa ya tano, nami nikachomeka bomba refu kwenye mkono wa soketi mpaka ikaachia. Kisha nikamwaga oili, nikaegemeza injini kwa jeki na kipande cha mbao chini ya sampu, bakuli la oili, nikatoa maunti ya kulia inayoshikilia injini. Pulei nikaizungusha hadi alama yake ikakaa kwenye sifuri, silinda ya kwanza ikiwa juu kabisa na valvu zake zimefunga.

Cheni mpya ina pingili chache za rangi tofauti, kila moja inakaa kwenye alama ya gia yake, yaani gurudumu la meno linalopitisha cheni. Nilipofunga na kuchomoa pini inayozuia tenshena, nikazungusha injini kwa spana mara mbili kamili. Nikatazama: pingili za rangi zimehama! Nilikaa chini nikidhani nimeharibu kila kitu. Lakini alama za gia zenyewe zilikuwa zimerudi mahali pake, zote. Pingili za rangi ni za kufungia tu. Zinachukua mizunguko mingi kurudi zilikoanzia. Angalieni gia.

Mamboleo, Kisumu
Hongera ndugu, umetoka salama. Mimi langu Toyota Fielder, na kilichoniponza ni silikoni ya kuzibia kava ya cheni. Ile ya zamani niliikwangua harakaharaka, jioni nikatia oili, nikawasha. Siku mbili baadaye nikakuta tone chini ya gari. Likawa kidimbwi. Ikabidi nifungue upya kazi yote ile! Mara ya pili nilikwangua kwa kijiti cha plastiki ili nisichubue alumini, nikapangusa mpaka kitambaa kikatoka safi, nikapaka ukanda mwembamba na kufunga mara moja. Oili nikaitia kesho yake. Na mabaki ya silikoni msiyaache yaangukie ndani: yakifika kwenye chujio la sampu, injini inakosa oili.

Lurambi, Kakamega
Mimi ni dada na kazi hii niliifanya na ndugu yangu, gari la kupelekea mboga sokoni. Tulinunua cheni peke yake, tenshena na reli za plastiki zinazoongoza cheni tukaziacha zile za zamani kwa kubana pesa. Baada ya miezi minne kelele ikarudi. Kufungua, reli moja imechimbwa mifereji miwili, na kipande chake kimo ndani ya sampu. Safari hii tulinunua seti nzima. Cheni ya kwanza kabisa tulikuwa bado nayo, tukaitundika kwenye msumari mmoja na mpya: ilishuka chini zaidi, karibu nusu pingili. Hiyo nusu ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele.

Kanduyi, Bungoma
Mimi ni fundi, niongeze mawili. Namba ya hitilafu P0016 bila kelele yoyote isikufanye ukimbilie kununua cheni. Pima oili kwanza, halafu safisha valvu ya oili ya VVT, mfumo unaobadilisha wakati wa valvu kufunguka, na kijichujio chake. Nimeona magari kadhaa yakipona hapo. Pili, cheni ikiwa nje, usiguse starta hata kwa kujaribu, valvu zinaweza kugongana na pistoni. Na msichanganye: Toyota za zamani zenye 4A na 5A zinatumia mkanda wa mpira, huo unabadilishwa kwa kilomita. Cheni inauawa na oili chafu. Ninazofungua zikiwa zimeisha mapema, karibu zote ndani kumejaa lami nyeusi.

Lurambi, Kakamega
Asante fundi. Mzee wa Lanet, ile bolti ya pulei uliikaza vipi? Sisi tulikaza kwa nguvu za mkono tu, na bado nina wasiwasi.

Lanet, Nakuru
Dada, niliazima spana ya kupimia nguvu kwa jirani. Kwa 1NZ ni newtoni-mita 128. Lako tafuta kipimo cha injini yako, usitumie changu. Kijana akakanyaga breki tena, nikavuta taratibu mpaka spana ikalia tak! Ya kwako rudia hata kesho, kabla hujabeba mzigo.