Baba ana presha ya macho, anataka kuacha matone. Nimwambieje?

Kitindamimba: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Mzee wangu ana miaka 61, alienda kupima miwani ya kusomea tu, wakakuta presha ya jicho la kulia 28 na kushoto 31, wakatuandikia twende kliniki ya bingwa wa macho. Huko wamempima mpaka kachoka, wamemtia ganzi wakagusa jicho na kile kitaa cha bluu, wakapima unene wa kioo cha mbele ya jicho, skani ya mshipa wa jicho, halafu kile cha kutazama mbele unabonyeza kitufe kila ukiona mwanga. Jibu ni glakoma, jicho la kushoto uoni wa pembeni umeshaliwa. Kapewa matone ya timololi asubuhi na jioni. Sasa mzee haumwi popote, gazeti anasoma, anasema matone hayajamwongezea kitu zaidi ya kumwasha, ataacha asubiri ikikomaa afanyiwe upasuaji kama shangazi.

Mama Nuru: Pole mdogo wangu. Shangazi bila shaka alikuwa na mtoto wa jicho, ule ni lenzi kuingia ukungu, wanatoa wanaweka nyingine mtu anaona. Glakoma inaua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na kilichokufa hakirudi kwa dawa wala kwa kisu. Matone yanashusha presha ili kilichobaki kibaki, basi. Na asijipime kwa gazeti, katikati ndio huwa panaisha mwisho. Muombe daktari amuonyeshe ile karatasi ya kubonyeza kitufe, sehemu nyeusi azione mwenyewe. Mume wangu alibisha mpaka siku aliyoonyeshwa yake.

Nesi_Macho: Swali kabla hatujaenda mbali, mzee ana pumu?

Kitindamimba: Anayo tangu utotoni, ila ilitulia miaka mingi ndio maana hakuitaja kule. Sema siku hizi usiku anabanwa tukajua ni baridi 😟

Nesi_Macho: Hiyo timololi asitie tena, pigeni simu kliniki leo hii msingoje tarehe ya kurudi, na akibanwa sana ni hospitali moja kwa moja. Tone halibaki jichoni, linashuka na njia ya machozi mpaka puani linaingia kwenye damu, na timololi inabana njia za hewa na kupunguza mapigo ya moyo. Lakini asikae bila dawa, watambadilishia, kuna matone ya latanoprosti ya mara moja usiku. Ulizeni na leza ya SLT pia, ni mwanga wa kushusha presha ya jicho, inafanyika palepale kliniki anarudi nyumbani. Utafiti wa LiGHT wa Uingereza, 2019, karibu robo tatu ya walioanza na leza walifika miaka 3 bila kuhitaji matone. Nguvu yake hupungua na muda kwa hiyo kupimwa kunaendelea.

Mama Nuru: Na akishatia tone afumbe macho, abonyeze kona ya ndani karibu na pua kama dakika 2, dawa ibaki jichoni.

Kitindamimba: Asanteni sana, nimewapigia wamesimamisha timololi, kesho asubuhi tunaenda. Mimi mwanae nikipima presha ikawa chini ya 21, ile wanayosema ni ya kawaida, niko salama?

Nesi_Macho: Presha peke yake haitoshi mdogo wangu, wapo wenye glakoma na presha yao ni ya kawaida kabisa. Waangalie na mshipa. Na ndugu zako wote waende, pamoja na baba zako wadogo na mashangazi.